Mnyama Aliyetutumikia Naye Ana Haki ya Uzee

Mtumishi wa nyumba aliyekaa na aila moja kwa miaka mingi, akalea watoto, akachota maji, akakesha na wagonjwa, kisha akafikiwa na uzee, macho yakafifia na viungo vikalegea, alikuwa kwa desturi ya wazee wetu wa pwani na wa bara hafukuzwi. Alipewa pahala pake uani, chakula chake kwa wakati wake, na aliitwa kwa jina lake mpaka siku ya mauti yake, na mtu aliyethubutu kumtupa njiani alihesabika hana insafu hata kama mali yake ilijaza ghala. Ninalotaka kulisema ni kwamba wajibu huo haukomi kwa binadamu. Mnyama aliyetubebea, akatulinda au akatuondolea hatari anastahili uzee wa raha, na anaustahili kwa haki wala si kwa hisani. Sisi wakazi wa Morogoro tuna hoja kubwa ya kulithibitisha jambo hili kuliko watu wa miji mingine, kwa sababu mnyama aliyeuonyesha ulimwengu jinsi mtumishi wa miguu minne anavyoweza kustaafu kwa heshima alizaliwa hapa hapa, chini ya milima ya Uluguru, si mbali na Mwembesongo ninakokaa.

Mnyama huyo alikuwa panya, na jina lake Magawa. Alizaliwa Novemba 2013 katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwenye maskani ya shirika la APOPO, ambalo Mbelgiji Bart Weetjens alilianzisha mwaka 1997 na ambalo lilihamia Morogoro mwaka 2000. Alikuwa wa jamii ya panya buku, yule yule ambaye mkulima wa kwetu humlaani kwa mahindi na karanga anazosomba mashavuni mwake usiku, na ambaye hakuna aliyewahi kumdhania kheri. Alipokua alifikia uzito wa kilo 1.2 na urefu wa sentimita 70 tangu pua hata ncha ya mkia. Hadhi ya kiumbe ni jambo la ajabu: pua ile ile iliyomfanya kuwa mwizi shambani ndiyo iliyomfanya mwokozi wa watu, maadamu alitokea mtu wa kumfundisha kwa subira.

Mafunzo yenyewe ni shani ya kutazamwa. Hufanyika alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mlima, kwa sababu panya buku ni mnyama wa usiku na joto humtesa. Masikio na mkia hupakwa mafuta ya kuzuia jua, kama mama anavyompaka mtoto. Walimu wawili husimama wakitazamana, mmoja upande huu wa kiwanja na mmoja upande ule, wameshika kamba iliyonyoshwa baina yao, na panya, aliyevishwa mkanda mdogo kifuani, huifuata kamba hiyo huku pua yake ikipitapita juu ya nyasi zenye umande. Akiinusa baruti chini ya udongo husimama, hurudi nyuma kidogo, kisha huparura ardhi kwa mikono miwili. Hapo mwalimu hubonyeza kidude cha mkononi kinacholia kwa mlio mkavu, na panya, ambaye tangu utotoni amefunzwa kwamba mlio ule ni ahadi ya chakula, humkimbilia mwalimu wake apokee kipande cha ndizi au punje ya karanga. Hapigwi wala hatishwi. Kazi yote imejengwa juu ya ujira unaolipwa papo hapo. Mafunzo huchukua muda wa miezi tisa hivi, na katika mtihani wa mwisho haruhusiwi kukosa hata bomu moja, kwa kuwa bomu moja lililokosekana ni mguu wa mtoto wa mtu.

Mwaka 2016 Magawa alipelekwa Siem Reap, nchini Kambodia, nchi ambayo vita vya miaka mingi viliiachia mamilioni ya mabomu ya kutegwa ardhini, na ambako watu zaidi ya 60,000 wameuawa au kujeruhiwa na masalio hayo ya vita tangu mwaka 1979. Kiwanja cha ukubwa wa uwanja wa tenisi, ambacho mtu mwenye chombo cha kutafutia chuma huweza kukishughulikia kwa siku nne, yeye alikipekua kwa nusu saa, na kwa wepesi wa mwili wake hakuweza kulipua bomu alilolikanyaga. Alifanya kazi miaka mitano. Alipekua eneo la zaidi ya mita za mraba 225,000, akafichua mabomu ya ardhini 71 na zana nyingine 38 ambazo zilikuwa bado hazijalipuka. Mwezi wa Septemba 2020 shirika la Uingereza la PDSA, lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917 kwa ajili ya kutibu wanyama wa watu maskini, lilimtunuku nishani ya dhahabu, na akawa panya wa kwanza kuipata nishani ambayo kabla yake ilizoea kuvaliwa na mbwa.

Nishani ni jambo jema, lakini kwangu mimi si hiyo iliyo adhimu katika habari zake. Lililo adhimu lilikuja Juni 2021, pale walezi wake walipoona kwamba mwendo wake umepungua na kwamba uzee umemfikia, wakasema basi. Hawakungoja akose bomu. Walimpumzisha akiwa bado mzima, wakamwacha katika banda lake alilolizoea, chini ya mikono ya watu aliowajua, kwa chakula kile kile alichokipenda, na kwa majuma machache wakamweka karibu na panya wageni waliotoka Morogoro ili wao wakizoea kazi wamwone mkubwa wao. Januari 2022, akiwa na umri wa miaka minane, alifariki. Juma lake la mwisho alicheza kama kawaida yake mpaka siku za mwishoni, alipoanza kulala zaidi na kukiacha chakula. Akafa kwa utulivu, kifo cha mzee aliye nyumbani kwake.

Habari hiyo ilipotangazwa redioni tulikuwa barazani, hapa Mwembesongo, na kijana mmoja alicheka akasema, "Siku hizi hata panya anatangaziwa tanzia?" Bibi mmoja muuza vitumbua, ambaye aghalabu haingilii mazungumzo ya wanaume, alimgeukia akamwambia, "Mjukuu wangu, wako watoto leo wana miguu miwili kwa sababu yake. Wewe wako wangapi?" Kijana aliona haya, akasema, "Nisamehe, bibi," akanyamaza. Sina la kuongeza katika hoja ya bibi yule, ila kukumbusha kwamba si watoto wa Kambodia peke yao. Panya wa Morogoro walifanya kazi hiyo Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, hata nchi hiyo ikatangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena eneo lijulikanalo kuwa na mabomu. Na wenzao waliobaki hapa mjini hunusa makohozi ya wagonjwa wetu, wakipitia sampuli 100 za kifua kikuu kwa dakika 20, ambazo mtaalamu mwenye darubini huzipitia kwa siku nne. Yumkini yuko msomaji wa gazeti hili anayepumua vizuri kwa sababu ya pua hizo.

Sasa hebu tuwatazame wanyama wengine ambao ardhi hii iliwapokea, nao hawakupata bahati ya Magawa. Farasi si mnyama wa kwetu. Unguja, ambako watoto wa Sultani Sayyid Said walifundishwa kumpanda huko Mtoni, kama alivyoeleza binti yake, Bibi Salme, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886, farasi alikuwa mnyama wa fahari. Lakini bara alizuiwa na mbung'o, ambaye huleta nagana, na usubi, ambao huleta maradhi mengine ya farasi yasiyo na masihara. Hatari ya maradhi hayo ilijulikana. Hata hivyo, katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia nchi hii na wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, wakaiteka Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na vikosi vyao vikazunguka Uluguru kwa upande wa magharibi, kupitia Mlali, kumfuata jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kwenda Kisaki. Farasi walilishwa sumu ya zarniki kwa kiasi kidogo kidogo, si kwa kuwaponya, bali kwa kuwasogezea siku chache za kubebea watu. Walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, pamoja na nyumbu, ng'ombe na punda. Na njia kutoka Handeni mpaka Mgeta, kwa waliopita wakati huo, ilijulikana kwa harufu. Walikufa pia wapagazi, watu wa kwetu, kwa wingi unaotisha, na msiba wao ni mkubwa zaidi, nami siutaji kwa kuupima na ule wa wanyama. Ila nasema kwamba mkono uliowatumia farasi kama kuni ndio huo huo uliowatumia wapagazi kama kuni, na aliyeizoesha nafsi yake dhuluma ya kwanza hakuona taabu kuingia katika ya pili.

Farasi wa vita hivyo waliookoka pande za Misri walikuta idhilali ya namna nyingine. Jeshi la Waingereza liliwauza huko huko vita vilipokwisha, kwa kuwa kuwarejesha kwao kuligharimu, nao wakaingia katika kuvuta mikokoteni ya mawe na ya taka katika vichochoro vya Cairo. Mwaka 1930 bibi mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, mke wa afisa wa jeshi, alifika mji huo, akawaona: vizee vya zaidi ya miaka 20, alama ya jeshi bado i ngozini, mbavu zimehesabika, wengine vipofu, wengine wakichechemea na mzigo. Hakuishia kulia. Aliandika barua katika gazeti la London, Morning Post, mwaka 1931, akawaomba watu wa kwao fedha za kuwanunua farasi hao. Fedha zikaja, na katika muda wa miaka mitatu alinunua wapatao 5,000. Mwaka 1934 alifungua hospitali ya wanyama mjini humo, ambamo watoto wa watoto wa punda na farasi wa maskini wa Cairo wanatibiwa hata leo.

Katika kumbukumbu alizoziacha kuna jambo ambalo mimi siwezi kulisahau. Farasi hao walipoletwa katika zizi lake, wengi walisimama mlangoni hawataki kuingia. Kwa miaka mingi kwato zao zilikuwa hazijakanyaga ila mawe, na sasa zilikanyaga makapi laini yaliyotandikwa chini kwa kina. Walisita, wakainamisha vichwa polepole, wakanusa, kama wasioamini pua zao. Kisha kitu kikawarudia, kumbukumbu ya zizi la ujana wao nchi za mbali, wakaenda mbele kwa haraka hadi kwenye hori lililojaa majani mabichi. Wengi wao hawakuwa wa kutibika. Aliwapa siku chache za kushiba na kulala, kisha wakauawa kwa upole pasipo kuona maumivu. Yuko atakayeuliza, siku chache hizo zilikuwa na faida gani? Nami nitamjibu kwamba siku za mwisho za kiumbe ndizo anazozipima mwenyewe kwa uzito mkubwa, na aliye na mashaka na amwulize mzee yeyote aliye kitandani.

Hapa Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi uko Lamu, mji ambao njia zake nyembamba hazipitishi gari na ambao mchanga, matofali na boriti za nyumba zake huletwa juu ya migongo ya punda; huko, tangu mwaka 1987, mbele ya bahari, pana hospitali ya punda inayotibu bila malipo, na punda wagonjwa na waliokwisha nguvu hupata uwanja wa kupumzikia. Walamu hawakuona kuwa ni upuuzi.

Na sisi je? Panda gari uende njia ya Dodoma, upite Dumila, uingie Gairo, utamwona punda. Amebeba madumu ya maji, au magunia ya mahindi, au amefungwa mkokoteni ulioundwa kwa ekseli ya gari bovu. Mtazame kwa karibu pale kamba ya mzigo inapokaa: pana kidonda ambacho hakijapata kukauka kwa sababu kesho yake asubuhi kamba hurudi pale pale, na nzi wamekizunguka. Tazama kwato, zimekua zikapinda mbele kama viatu vya mtu mwingine. Akizeeka, akawa hawezi tena kilima, moja katika mambo mawili humfika: ama hufunguliwa akaachwa barabarani, ale taka mpaka gari la usiku limmalize, ama huuzwa kwa mnunuzi wa ngozi. Ngozi hiyo husafirishwa Uchina ikachemshwe kuwa dawa iitwayo ejiao, na kwa uchu wa biashara hiyo punda wa bara letu walianza kuteketea, wakiibwa usiku kutoka vijijini, hata wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa, Februari 2024, wakaazimia kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Azimio hilo ni jema na linastahiki shukrani. Walakini linamwokoa punda na kisu tu; halimwokoi na kamba iliyo juu ya kidonda, wala halimpi pahala pa kuzeekea.

Tumezoea kusema kwamba asante ya punda ni mateke. Nimeishi na kutazama, na nimeona ya kwamba mateke mengi yaliyopigwa baina yetu na punda tumeyapiga sisi. Dini zetu zote mbili zimeliona jambo hili mapema. Waislamu wanaijua habari ya ngamia aliyelia machozi mbele ya Mtume (S.A.W.), naye akamfuta kichwa, akamwita mwenye ngamia, akamwonya amche Mungu juu ya mnyama huyo, kwa kuwa amemlalamikia kwamba anamshindisha njaa na kumchosha. Wakristo wanaisoma katika Torati amri ya kutomfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka, na katika Mithali kwamba mtu mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake. Mnyama aliyepewa binadamu amepewa kwa amana, na amana ina siku ya kuulizwa.

Najua nitakavyojibiwa, na jibu lenyewe si dogo. Wako wazee wa Morogoro, watu waliokata mkonge Tungi na Kingolwira tangu ujana wao, ambao leo hawana pensheni wala mwana wa kuwatazama. Iweje mtu aje kuomba raha ya punda? Nalichukua neno hili kwa taadhima. Lakini sijapata kuona mji ambao watu wake waliwanyima wanyama huruma ili wawape wazee wao, bali nimeona kinyume chake, kwamba moyo uliojifunza kuuliza "bado ana faida gani?" juu ya punda huja kuliuliza swali lilo hilo juu ya baba. Fauka ya hayo, gharama ninayoitaja ni ndogo mno: ni majani, maji, kivuli, na kamba iliyofunguliwa. Hazina ya taifa haitatikisika kwa kuyatoa hayo.

Nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kwa hiyo msingi uko. Nawaomba wanaohusika na mifugo waitumie sheria hiyo kwa nguvu njiani na minadani, mzigo upimwe na kidonda kikaguliwe, na waandike bayana katika kanuni zake haki ya mnyama aliyekwisha nguvu, wakianza na wale walio mikononi mwa serikali yenyewe, yaani farasi na mbwa wa Jeshi la Polisi, ambao wamelinda viwanja na bandari zetu na ambao wanastahiki kujua, kama Magawa alivyojua, mkono ule ule uliowalisha wakati wa kazi. Chuo Kikuu cha Sokoine kina madaktari wa mifugo, kina wanafunzi wanaohitaji mahali pa kujifunzia matibabu ya punda, na kina ardhi. Likitengwa zizi moja chini ya Uluguru kwa punda wazee wa Gairo, Kilosa na Mvomero, chuo kilichofundisha dunia kumheshimu panya hakitashindwa na punda. Madiwani wa Manispaa, pamoja na diwani wetu wa Mwembesongo, walibebe jambo hili mpaka barazani kwao, nasi tutawaunga mkono.

Na wewe msomaji uliye na punda aliyezeeka, usimngojee diwani wala chuo. Mfungue shogi leo, kioshe kidonda kwa maji ya chumvi, mwite bwana mifugo wa kata amkate kwato, na mnunuzi wa ngozi akija mlangoni mwambie hauzwi.